Jicho Linafundishika: Nafasi ya Uchoraji wa Kutazama katika Vyuo vya Sanaa na Usanifu

Utangulizi

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huingia katika chuo cha sanaa na usanifu akiwa ameshahukumiwa. Tangu shule ya msingi ameambiwa ama ana kipaji cha kuchora, ama hana. Anayesifiwa huachwa aendelee kama alivyozoea. Asiyesifiwa husamehewa somo, akashauriwa ajaribu upigaji picha au usanifu wa kompyuta. Wote wawili wamenyimwa kitu kimoja, nacho ni mafunzo.

Makala haya yanatetea msimamo kwamba kuchora kwa kutazama kitu halisi ni stadi inayoweza kufundishwa kwa kila mwanafunzi. Chanzo kikuu cha makosa ya mchoraji anayeanza ni namna anavyotazama, na mkono una lawama ndogo sana. Ikiwa hoja hii ni sahihi, basi vyuo vyetu havina sababu ya kulifanya somo hili kuwa la hiari, wala ya kulipima kwa uzuri wa picha ya mwisho peke yake.

Kosa la kinu

Tuchukue kinu cha kutwangia kilichowekwa juu ya meza ya chini katikati ya darasa, wanafunzi wameketi kukizunguka na karatasi zao. Mdomo wa kinu ni duara. Hata hivyo, kwa mtu aliyeketi hauonekani kama duara. Unaonekana kama duaradufu, nyembamba au pana kutegemea kimo cha macho yake. Karibu kila mwanafunzi mgeni huchora mdomo uliofunguka kupita kiasi, kana kwamba amekiinamia kinu kutoka juu. Akishuka kwenye kitako, hukichora kwa mstari ulionyooka. Anajua kwamba mdomo ni mviringo, kwa hiyo anachora mviringo. Anajua kwamba kinu kimetulia mezani bila kuyumba, kwa hiyo anakipa kitako bapa. Matokeo yake ni kinu kimoja kilichotazamwa kutoka sehemu mbili: juu kutoka darini, chini kutoka usawa wa meza.

Kinachoonekana hasa ni kinyume cha hayo. Kitako kiko chini zaidi ya usawa wa macho kuliko mdomo, na kadiri duara linavyokuwa chini ya usawa huo ndivyo linavyoonekana kufunguka zaidi. Hivyo ukingo wa kitako, kwa sehemu yake inayoonekana, unapaswa kupinda zaidi kuliko ukingo wa mdomo. Mwanafunzi akielezwa jambo hili hushangaa, kwa sababu kinu amekiona maisha yake yote.

Saikolojia imelichunguza kosa hili kwa muda mrefu. Mwaka 1931, mwanasaikolojia Robert Thouless alichapisha majaribio ambamo washiriki walitazama duara lililowekwa kwa mshazari, kisha wakaonyesha umbo walilokuwa wakiliona. Walionyesha umbo pana kuliko lile lililokuwa likiyafikia macho yao, ingawa halikufika kuwa duara kamili. Akili zao zilikuwa zimelivuta umbo linaloonekana kuelekea umbo linalojulikana. Mwaka 1997, watafiti Dale Cohen na Susan Bennett walitafuta sababu ya watu wengi kushindwa kuchora wanachokiona. Walizipima sababu nne: kukiona kitu visivyo, kushindwa kuchagua cha kuchora, udhaifu wa mkono, na kutoliona kosa katika mchoro wenyewe. Majaribio yao yalionyesha kwamba kukiona kitu visivyo ndiko kunakobeba sehemu kubwa ya lawama.

Matokeo haya yana uzito mkubwa kwa mwalimu. Mtu anayeweza kuandika jina lake likasomeka ana mkono unaotosha kuanza kuchora. Tena, kosa la kinu si dalili ya upungufu wa akili. Katika maisha ya kila siku tunahitaji kujua kwamba mfuniko wa sufuria ni duara hata tukiutazama kwa upande. Akili inayotupa ukweli huo inafanya kazi yake ipasavyo. Darasa la uchoraji humwomba mwanafunzi aiweke kando huduma hiyo kwa muda, na kuiweka kando kunahitaji mazoezi.

Namna ya kulifundisha jicho

Mazoezi hayo yapo, na ni ya kawaida katika taaluma hii. La kwanza ni kupima kwa penseli. Mwanafunzi hunyoosha mkono mpaka kiwiko kikaze, hufumba jicho moja, huiweka ncha ya penseli kwenye ukingo wa juu wa kitu, kisha hutelezesha kidole gumba mpaka ukingo wa chini. Kipimo hicho cha urefu hulinganishwa na upana. Kiwiko kikilegea, kipimo kimebadilika na hesabu yote imeharibika. Kwa zoezi hili mwanafunzi hugundua, bila kuambiwa na mtu, kwamba kinu alichokichora kirefu na chembamba kina upana unaozidi nusu ya urefu wake.

Zoezi la pili linaihusu nafasi iliyo wazi. Mbuzi ya kukunia nazi ni somo zuri sana kwa kazi hii, kwa sababu miguu yake hupishana na ulimi wake wa chuma hujitokeza kumwelekea mtazamaji. Wanafunzi wakiambiwa wachore miguu, wengi hupotea. Wakiambiwa waiache miguu na wachore vipande vya hewa vilivyo kati yake, mchoro hukaa sawa. Vipande hivyo havina jina, na akili haina picha yake iliyowekwa akiba, kwa hiyo jicho hulazimika kutazama. Miguu hujitokeza yenyewe pale vipande vinapokamilika.

La tatu ni zoezi ambalo Kimon Nicolaïdes, aliyefundisha mjini New York, alilieneza kupitia kitabu chake kilichotoka mwaka 1941, miaka mitatu baada ya kifo chake. Mwanafunzi huukazia macho ukingo wa kitu na kuufuata polepole huku penseli ikitembea kwenye karatasi bila kutazamwa. Mchoro unaopatikana huwa umepinda na haufanani na kitu, lakini faida yake iko katika dakika zile ambazo macho hayakuondoka kwenye kitu.

Mazoezi yote haya yanataka mambo mawili ambayo madarasa yetu hayana mazoea nayo. Kwanza, raba iwekwe kando katika wiki za mwanzo. Mstari uliokosewa ukibaki kwenye karatasi, mwanafunzi ana kitu cha kulinganishia mstari wa pili. Akiufuta, huenda akaurudia uleule. Pili, mwalimu aketi. Mwalimu anayesahihisha akiwa amesimama nyuma ya mwanafunzi anakiona kinu kingine kabisa, chenye mdomo uliofunguka zaidi, na anaweza kuusahihisha mchoro uliokuwa sawa. Anapaswa kukalia kiti cha mwanafunzi, macho yake yafike kimo kilekile, ndipo azungumze.

Pingamizi la Makerere

Pingamizi zito zaidi dhidi ya msimamo huu lina historia Afrika Mashariki. Margaret Trowell, aliyesomea chuo cha sanaa cha Slade mjini London, alianzisha madarasa ya sanaa Kampala katika miaka ya 1930, kwenye baraza ya nyumba yake, kabla hayajahamia chuo cha Makerere. Alihofia kwamba kuwafundisha wanafunzi wa Kiafrika utaratibu wa kuchora wa Ulaya kungeua namna yao ya kuona. Akawa anawasimulia tukio, kijiji au hadithi, nao wanalichora kama lilivyowajia akilini. Cecil Todd alipochukua uongozi wa mafunzo hayo mwishoni mwa miaka ya 1950, aliingiza mafunzo ya utaratibu zaidi, ikiwemo historia ya sanaa ya dunia na nadharia ya rangi.

Hofu ya Trowell ilitokana na heshima, na hilo linastahili kutambuliwa. Mwalimu akiwafundisha wanafunzi kwamba mchoro sahihi ni ule unaofanana na picha ya kamera tu, atakuwa amewaibia. Lakini dawa aliyoichagua ilikuwa na madhara yake. Ilichukulia kwamba jicho la Mwafrika lina asili isiyostahimili mafunzo, ilhali jicho la Mwingereza hufundishwa na kubaki salama.

Maisha ya Sam Ntiro yanaipinga dhana hiyo. Mchoraji huyu kutoka Kilimanjaro alisoma Makerere kwa Trowell, kisha akaenda Slade katika miaka ya 1950. Alirudi akiendelea kuchora migomba, vilima na shughuli za kijiji kwa namna yake mwenyewe, rangi zikiwa bapa na watu wakiwa wamepangwa kama katika masimulizi. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imo katika hazina ya jumba la sanaa za kisasa la New York. Mafunzo hayakumnyang'anya macho yake.

Wapo pia watakaomtaja Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kupaka rangi kwenye vipande vya ubao jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 bila kupita chuo chochote. Mfano huo unaiunga mkono hoja ya makala haya. Sanaa ya Tingatinga ilidumu baada ya kifo chake mwaka 1972 kwa sababu ilifundishwa: wanagenzi waliketi karibu na wajuzi, wakajifunza kuandaa ubao, kuvuta mstari na kujaza mandharinyuma. Chuo na karakana vinatofautiana katika kinachofundishwa, lakini vyote viwili vinakanusha dai kwamba uchoraji humwangukia mtu kwa bahati ya kuzaliwa.

Nakala na kompyuta

Leo tishio kubwa kwa darasa la uchoraji ni picha ya simu. Wanafunzi wengi wanaosifiwa kuwa na kipaji wamejifunza kuigawa picha kwa miraba na kuihamisha mraba baada ya mraba. Kufanana hupatikana, wakati mwingine kwa ustadi wa kuvutia. Hata hivyo, kamera imeshafanya kazi yote ya kuona: imechagua mahali pa kusimama, imelaza kitu kwenye bapa, imepanga mwanga na kivuli. Mwanafunzi wa aina hiyo akipewa kinu badala ya picha, hukosea mdomo na kitako sawasawa na jirani yake asiyesifiwa. Mchoraji Elimo Njau, aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, aliwaonya wasanii kwa ukali dhidi ya kunakili, na onyo hilo bado lina mahali.

Kwa msanifu, hasara inaonekana sokoni. Katika karakana za samani za Keko, Dar es Salaam, mteja huja na picha ya kiti kwenye simu. Fundi anayejua kunakili tu atatengeneza kiti hicho au kinachokaribiana nacho. Fundi anayejua kuchora atamchorea mteja, palepale kwenye kipande cha mbao, kiti kilekile kikiwa na mgongo mfupi na miguu iliyopanuka, ili wakubaliane kabla msumeno haujagusa kitu. Programu za kompyuta huongeza kasi ya kazi hiyo, lakini hazimwambii mtumiaji kama uwiano alioupa kiti unapendeza au unachukiza. Hukumu hiyo hutoka kwenye jicho lililozoezwa.

Hitimisho

Johannes Itten alianzisha kozi ya awali katika chuo cha Bauhaus mjini Weimar mwaka 1919, na hatimaye kozi hiyo ilipitiwa na wanafunzi wote kabla ya kugawanyika katika karakana zao. Vyuo vyetu vinaweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo. Vinahitaji karatasi, mkaa au penseli laini, na vitu vilivyo jikoni na karakanani mwetu: kinu, mbuzi ya nazi, jembe, ungo. Vitu hivi vina faida nyingine, kwamba mwanafunzi ambaye imani yake inamzuia kuchora viumbe hai hatengwi na somo.

Utaratibu wa kutoa alama nao ubadilike. Daftari la michoro la muhula mzima, lenye mistari iliyokosewa na iliyorekebishwa, lipewe uzito usiopungua ule wa picha ya mwisho, kwa kuwa humo ndimo maendeleo ya jicho yanapoonekana. Walimu waache kuwauliza wanafunzi wapya nani kati yao anajua kuchora. Kazi ya chuo ni kuwafundisha wote, na chuo kinachowachagua wenye kipaji na kuwaacha wengine hakijaianza kazi hiyo.