Giaboksi ya Citroën: kutoka Traction hadi DS

Historia ya giaboksi hii inaanza na kushindwa. Mwaka 1934 André Citroën alitaka gari lake jipya, Traction Avant, lijibadilishie gia lenyewe kwa mtambo wa mvumbuzi Dimitri Sensaud de Lavaud. Kwenye majaribio mafuta yakachemka, mtambo ukagoma, na siku ya kulionyesha gari imeshakaribia. Wahandisi wakachora mbiombio giaboksi ya kawaida ya gia 3, wakaibana palepale mbele ya injini, mkono wake ukatokeza kwenye dashibodi. Mwaka haujaisha kampuni ikafilisika na kuangukia mikononi mwa Michelin. André Citroën mwenyewe akafariki Julai 1935. Giaboksi ya dharura ikadumu hadi Traction ya mwisho, mwaka 1957.



Huko Paris DS 19 ilikuwa imeshatoka, Oktoba 1955, kazi ya mhandisi André Lefèbvre, yuleyule aliyeisanifu Traction. Haina kanyagio la klachi. Pampu moja ya mafuta ya presha inahudumia springi, breki, usukani na gia. Ukisukuma kushoto kijiti kilicho nyuma ya usukani, injini inawaka. Ukikipeleka kwenye gia na kulegeza mguu, mafuta yanaachia klachi, pistoni ndogo zinasukuma uma za gia, kisha klachi inashika tena. Ukiifungua giaboksi yenyewe utakuta gia 4 na meno ya kawaida kabisa, na klachi kavu ambayo fundi yeyote wa Katuba, mtaa wa Élisabethville huko Kongo, anaijua. Kilichobadilika ni mkono unaoziendesha. Nasisitiza hilo kwa sababu wengi wameiogopa DS bure: wanashusha giaboksi nzima wakati ugonjwa uko kwenye bomba au kwenye sili.

Kisha ikaja ID 19, ndugu yake wa bei nafuu, yenye kanyagio la klachi na gia za kubadilisha kwa mkono. Wengine waliiita gari la masikini. Mimi naiona ndiyo busara kubwa ya ukoo wote, maana presha ikipotea njiani, gia bado unazo.

Mwaka 1966 Élisabethville ikawa Lubumbashi, na mwaka huohuo Citroën ikabadili mafuta ya presha. Ya zamani, mekundu, yalivuta unyevunyevu wa hewa na kulisha vyuma kutu. Mapya, ya kijani, yanatokana na madini na hayavuti maji. Katika mji wenye mvua za Novemba hadi Machi, badiliko hilo lina uzito kuliko gia yoyote iliyoongezwa. Lakini sili za mwanzo hazipatani na mafuta ya kijani, wala za kijani na mekundu: mpira unaharibika, presha inatoroka, gia zinagoma kuingia. Ndiyo maana sehemu za mfumo mpya zilipakwa rangi ya kijani, fundi asikosee.

Gia ya 5 ilifika mwaka 1970, ya mkono, na baadaye kidogo giaboksi ya Borg-Warner inayojibadilisha yenyewe kikamilifu, ile ndoto ya 1934. Utengenezaji ukakoma Aprili 1975. Anayenunua DS leo aanze na kifuniko cha tangi la mafuta, aone rangi, ndipo azungumze bei.