Maadili ya wahudumu wa hospitali (Fizi na Baraka)
Kanuni za utu na usalama zinazomwongoza daktari, muuguzi, mkunga na mfanyakazi wa usafi: kunawa mikono, kueleza matibabu kwa Kiswahili au Kibembe, kuomba ridhaa na kutunza siri ya mgonjwa. Katika eneo la Fizi, jimbo la Kivu Kusini, uzito wa kanuni hizi ulidhihirika baada ya wanajeshi kubaka wanawake wengi mjini Fizi tarehe 1 Januari 2011. Manusura wa ubakaji anastahili faragha, kusikilizwa bila lawama, na dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72. Cheti cha daktari huweza kuwa ushahidi mahakamani. Februari 2011 mahakama tembezi mjini Baraka iliwahukumu wanajeshi kadhaa kwa ubakaji huo wa Fizi, akiwamo luteni kanali.