Walawi: Kabila Lililopewa Madhabahu Likanyimwa Ardhi

Makabila ya Israeli yalipogawana nchi ya Kanaani, Yuda walichukua milima ya kusini, Efraimu nchi ya katikati, na wengine wote wakapimiwa mipaka yao. Kabila la Lawi halikupata jimbo. Kitabu cha Yoshua kinasema lilipewa miji 48 na malisho yake, iliyotawanyika katika maeneo ya wenzao. Miji 6 kati ya hiyo ilikuwa ya makimbilio, ambako aliyeua bila kukusudia alijinusuru na mlipiza kisasi. Kwa watu walioishi kwa jembe na mifugo, kukosa ardhi kulikuwa kula kwa mkono wa mwingine, na hali hiyo ndiyo iliyoiongoza historia yote ya Walawi.

Biblia inaanza habari zao kwa aibu. Lawi, mwana wa tatu wa Yakobo na Lea, alishirikiana na nduguye Simeoni kuwaua wanaume wa Shekemu ili kulipiza yaliyompata dada yao Dina. Yakobo alipokaribia kufa aliilaani hasira yao, akatamka kwamba uzao wao utatawanywa. Kitabu cha Kutoka kinaeleza jinsi upanga uleule ulivyowafungulia njia ya ibada: watu walipoabudu ndama wa dhahabu, wana wa Lawi walisimama upande wa Musa, wakaua watu wapatao 3,000.

Wanazuoni wameligeuza suala la asili ya Walawi kwa pande nyingi. Musa, Finehasi na Hofni ni majina ya Walawi yenye asili ya Kimisri. Kwa sababu hiyo wapo, akiwemo Richard Elliott Friedman, wanaoamini kwamba waliotoka Misri walikuwa hasa Walawi. Wengine wanawaona kuwa kundi la watumishi wa ibada, ambao baadaye walihesabiwa kuwa kabila.

Kitabu cha Hesabu kinasema Walawi walitwaliwa badala ya wazaliwa wa kwanza wa kiume wa Israeli yote. Walawi walikuwa 22,000 na wazaliwa wa kwanza 22,273, hivyo wale 273 waliozidi wakakombolewa kwa shekeli 5 kila mmoja. Ukoo wa Kohathi ulibeba mabegani Sanduku la Agano na vyombo vitakatifu, Gershoni mapazia, Merari mbao na nguzo za Hema la ibada. Kukaribia madhabahu kwa sadaka na uvumba kuliachiwa wazao wa Haruni, nduguye Musa, peke yao. Hivyo kila kuhani alikuwa Mlawi, lakini Walawi wengi hawakuwa makuhani.

Riziki yao ilikuwa zaka, nao walitoa sehemu ya kumi ya zaka hiyo kwa makuhani. Zaka isipofika, Mlawi alihangaika. Kitabu cha Waamuzi kinamtaja kijana wa Kilawi aliyetoka Bethlehemu akitafuta mahali pa kukaa. Mika wa milima ya Efraimu alimwajiri kuwa kuhani wa nyumbani kwake kwa vipande 10 vya fedha kwa mwaka, nguo na chakula. Wadani walipomwahidi ukuhani wa kabila zima, aliwafuata.

Wafalme nao walijua kwamba anayewalisha makuhani huwatawala. Solomoni alimfukuza kuhani Abiathari hadi Anathothi kwa kumuunga mkono Adoniya, mpinzani wake wa kiti cha enzi, akampa Sadoki nafasi yake. Yeroboamu, aliyetawala kaskazini, aliweka makuhani wasio wa Lawi. Mnamo mwaka 622 KK Yosia, mfalme wa Yuda, alifunga mahali pa juu, yaani madhabahu za vijijini, kote nchini, na makuhani wa huko hawakuruhusiwa kupanda kwenye madhabahu ya Yerusalemu. Julius Wellhausen, mwanazuoni wa Kijerumani wa karne ya 19, aliona kwamba mpasuko kati ya makuhani na Walawi wa kawaida ulitokana na hatua hiyo.

Baada ya uhamisho wa Babeli pengo hilo lilionekana wazi. Orodha ya waliorejea katika kitabu cha Ezra ina makuhani 4,289 na Walawi 74. Nehemia naye aliwakuta Walawi wameacha Hekalu na kurudi mashambani, kwa kuwa hawakupewa haki yao. Warumi walilibomoa Hekalu mwaka 70 BK, na sadaka zikakoma. Hata hivyo, katika sinagogi nyingi hadi leo mzao wa makuhani huitwa kwanza Torati inaposomwa, kisha Mlawi.

Katika makanisa yetu ya Afrika Mashariki, sura za zaka huhubiriwa mara nyingi. Ni haki zisomwe kikamilifu. Kumbukumbu la Torati linaagiza kwamba zaka ya kila mwaka wa tatu iwekwe mjini, ale Mlawi pamoja na mgeni, yatima na mjane. Torati ilimweka mtumishi wa madhabahu katika safu moja na wanyonge kwa kuwa wote hawakuwa na shamba. Anayeidai zaka kwa jina la Mlawi anapaswa pia kukumbuka waliokaa naye mezani.