Kabla ya Murongo, Karagwe Ilikuwa na Mpaka Wake

Anayevuka kutoka Murongo, wilayani Kyerwa, kwenda Kikagati upande wa Uganda hukutana na watu wa uhamiaji, wa forodha na wa afya. Lakini Karagwe ilikuwa na utaratibu wake wa kupokea wageni kabla serikali yoyote ya kigeni haijafika, na naona ulikuwa na mambo ya kuigwa.

Novemba 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Grant waliingia Karagwe wakitokea nchi jirani ya Usui. Huko Usui walikuwa wamekamuliwa. Mtawala Suwarora aliwazuia na kuwadai hongo, yaani ushuru wa njia: nguo, shanga na nyaya za shaba, na kila walipolipa waliongezewa dai. Walipovuka tu kuingia Karagwe, mambo yakageuka. Mjumbe wa Omukama Rumanyika aliwapokea njiani akiwa na amri kwamba vijiji viwalishe kwa gharama ya mfalme. Speke aliandika kwamba Karagwe haikutoza wageni hongo. Watu walipeana zawadi tu. Rumanyika alijua faida yake: wafanyabiashara Waarabu kutoka Tabora walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na ikulu ya Bweranyange, na pembe za ndovu zilipita hapo.

Kwenda mbele ilikuwa habari nyingine. Hakuna aliyeingia Buganda bila ruhusa ya Kabaka Mutesa, kwa hiyo Speke alikaa Karagwe mpaka wajumbe wa Kabaka walipokuja kumchukua Januari 1862. Grant aliachwa nyuma na kidonda cha mguu, maana Waganda hawakutaka mgonjwa aingizwe nchini mwao. Ruhusa, ushuru na afya, vyote vitatu vilikuwapo.

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 uligawa nchi kwa latitudo ya digrii 1 kusini, na baadaye upande huu wa magharibi mpaka ukafuata Mto Kagera. Wanyambo wa Karagwe na Wanyankole wa ng'ambo, ambao husikilizana lugha, wakajikuta chini ya serikali mbili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walitawala kote kuwili, na 1927 Tanganyika ikaingia kikamilifu katika umoja wa forodha na Kenya na Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967 ilivunjika 1977. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera, na mto ukawa uwanja wa vita.

Lakini zaidi ya vita, magendo ya kahawa ndiyo yaliyoupa mpaka huu jina baya. Mkulima akisikia bei ng'ambo ni nzuri, na hapa chama cha ushirika hakijamlipa, gunia huvuka usiku. Doria peke yake haijawahi kulimaliza hilo.

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza 2005. Mutukula, wilayani Missenyi, ikapata kituo cha pamoja kilichozinduliwa Novemba 2017 na Marais Magufuli na Museveni: msafiri husimama mara moja tu, upande anaoingilia. Na kwa mfanyabiashara mdogo kuna cheti cha uasilia kilichorahisishwa. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000, huvuka bila ushuru wa forodha, na cheti hutolewa palepale mpakani.

Cheti hicho kinamfaa sana mama anayebeba maharage au ndizi, ilimradi akijue. Watendaji wa vijiji vya Kyerwa na Karagwe wakitangaze mikutanoni, kwa Kiswahili na Kinyambo, na masharti yabandikwe ukutani pale Murongo ambapo kila anayevuka atayasoma kabla hajafungua pochi.