Mmasai Aliyekwenda Geneva

Kwenye riwaya ninayoiandika (niko daftari la tatu sasa) kulikuwa na Mmasai mmoja. Kazi yake ilikuwa kukaa getini kwa tajiri, kushika rungu na kuboronga Kiswahili ili wewe msomaji ucheke. Jina sikumpa. Nilimwita Yero, kama tunavyowaita wote hapa mjini, nikaona nimemaliza.

Halafu nikasoma habari za Moringe ole Parkipuny.

Bwana huyu alikuwa Mmasai wa Ngorongoro. Mwaka 1975 alimaliza tasnifu ya uzamili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, juu ya masaibu ya Wamasai na mipango ya kuwaendeleza. Mipango yenyewe aliijua kwa ndani, maana alifanya kazi katika mradi wa mifugo uliofadhiliwa na Wamarekani. Wakampeleka kwao akaone ranchi. Basi, akiwa huko akaenda kuwatembelea Wanavajo, na akakuta watu wenye kilio kama cha kwao.

Kilio gani? Mwaka 1959 wakoloni waliwatoa Wamasai Serengeti, wakawaahidi kwamba Ngorongoro wataishi. Uhuru ukaja. Mwishoni mwa miaka ya sitini serikali ikapiga vita hata shuka zao, ikitaka wavae suruali ndipo waonekane wameendelea. Mwaka 1975 wakakatazwa kulima Ngorongoro, hata kishamba cha mahindi cha mama mwenye watoto. Katazo hilo lilikuja kulegezwa 1992.

Mwaka 1980 Parkipuny akaingia bungeni, mbunge wa Ngorongoro, akakaa miaka kumi. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Enzi zile chama kilikuwa kimoja, na kusimama kuwatetea wafugaji hakukumletea mtu marafiki wengi.

Agosti 1989 akafika Geneva, kwenye kikao cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu wa asili, akawa Mwafrika wa kwanza kuhutubia pale. Hakusemea Wamasai peke yao. Aliwataja Wabarbaig, ambao malisho yao Hanang yaligeuzwa mashamba ya ngano, na Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda.

Watu wa asili? Jamani, Mwafrika gani si wa asili? Nami niliuliza hivyohivyo. Bibi yangu Mzaramo, kwao ni hapahapa. Lakini Parkipuny hakuwa anabishania nani alitangulia kufika. Hoja yake ilikuwa juu ya watu ambao maisha yao yanaonwa ni aibu kwa taifa, kisha kwa sababu hiyohiyo ardhi yao inachukuliwa. Nilipofika hapo nikalifunga daftari langu. Kile kicheko nilichokuwa nakiandaa getini kilikuwa cha aina hiyohiyo.

Baada ya ubunge akaongoza shirika la wafugaji, KIPOC, jina ambalo kwa Kimasai maana yake ni tutapona. Alifariki 2013. Mwaka 2022 familia zikaanza kuhamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni. Serikali ikasema wanahama kwa hiari. Wako wenyeji waliokataa katakata.

Ile sura nimeichana. Mlinzi wangu sasa ana jina, ana ng'ombe kumi na mmoja kwao, na jana usiku alimwuliza tajiri swali ambalo mpaka sasa sijajua tajiri atalijibu vipi.