Uvimbe Unaoyeyuka Haraka

Ukishuka stejini Kisumu ukamwambia mtu wa boda akupeleke Russia, hatakuuliza pasipoti. Atakuacha langoni mwa Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa Oktoba 25, 1969, siku ambayo polisi waliwapiga watu risasi. Damu ile ina waandishi wake. Mimi nafuata nyingine, ya watoto wanaoletwa hapa taya limevimba, meno yanacheza.

Ugonjwa wao unaitwa kwa jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliyeueleza mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliingia kwenye gari kuukuu wakaendesha hadi Afrika Kusini, wakiuliza kila hospitali: mtoto wa hivi mmemwona? Majibu yakawa ramani ya joto, mvua na malaria. Yaani, kwetu.

Uganda na Kenya hazikuwa na mashine za mionzi wakati huo, kwa hiyo madaktari wa Kampala na Nairobi wakajaribu dawa. Uvimbe ukayeyuka kwa siku chache. Wapo watoto waliopona kabisa kwa dozi moja au mbili. Saratani kupona kwa dawa tu, miaka ile!

Lakini uvimbe ukiyeyuka unaenda wapi? Unaingia kwenye damu. Seli hizi huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na zikipasuka kwa pamoja humwaga potasiamu, fosfeti na asidi ya yuriki. Asidi hiyo huganda kama mchanga na kuziba vijirija vya figo. Mkojo unakatika. Potasiamu nayo ikipanda, moyo unaweza kusimama. Mama ameona taya la mwanawe likirudi sawa, ameanza kushukuru, halafu mtoto anamponyoka mikononi.

Mwaka 1980 watafiti Marekani walichapisha uchambuzi wa hatari hiyo kwa wagonjwa 37 wa Burkitt. Kinga yenyewe haina maajabu: dripu ya maji mengi kabla ya dawa, alopurinoli, na damu kupimwa tena na tena. Hilo la mwisho linataka maabara isiyofungwa saa kumi na moja jioni, na hapo ndipo wengi hukwama.

Ndiyo maana mtoto akianza dawa, swali la kwanza la nesi asubuhi si kuhusu taya. Anamuuliza mama: usiku amekojoa kiasi gani?