Posa Ilikubaliwa, Harusi Haikufungwa: Shirikisho la Afrika Mashariki la 1963



Wengi wetu tuna shangazi Mombasa, mjomba Dar es Salaam, na ndugu aliyeolewa Kampala. Tukialikwa harusi upande wa pili, tunaanza kutafuta pasipoti na kubadilisha fedha. Mabibi zetu waliuona mwaka ambao nusura hayo yote yasiwe na haja.

Tarehe 5 Juni 1963, mjini Nairobi, Julius Nyerere wa Tanganyika, Jomo Kenyatta wa Kenya na Milton Obote wa Uganda walitoa tamko la kuunganisha nchi zao kuwa shirikisho moja kabla mwaka kumalizika. Kenya ilikuwa na siku nne tu tangu ipate madaraka ya ndani. Nyerere alikuwa ameshasema tangu 1960 kwamba yuko tayari uhuru wa Tanganyika ucheleweshwe, ili nchi hizi zijitawale zikiwa pamoja. Zanzibar nayo ilitarajiwa kukaribishwa.

Ukitazama juu juu, nyumba ilikuwa imeshapambwa. Shilingi ilikuwa moja, reli, posta na shirika la ndege pia. Mwaka huo huo kilianza Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye vyuo vyake Makerere, Nairobi na Dar es Salaam.

Kisha washenga wakakaa kitako kupanga masharti, na hapo ndipo mambo yalipokwama. Makao makuu yawe wapi? Uraia na mambo ya nje yawe mikononi mwa nani? Uganda haikutaka kuyaachia hayo, na ndani yake ufalme wa Buganda uliogopa kumezwa. Viwanda vingi vilikuwa Kenya, na wenzake walihofia kubaki wateja tu. Mwaka ukesha, hakuna kilichofungwa.

Matukio nayo hayakusubiri. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964, na tarehe 26 Aprili tukaungana na Tanganyika. Kati ya nchi zote zilizozungumziwa, ni hizi mbili tu zilizofika kwenye muungano, tena kwa njia nyengine kabisa.

Waliobaki waliishi kama wachumba wasiooana. Mwaka 1966 kila nchi ikawa na fedha yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliundwa 1967, ikavunjika 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Kwa mwenye mama upande huu na binti upande ule, hilo halikuwa jambo la siasa tu. Lilikuwa ni nani atahudhuria msiba na nani atamlea mzazi wa siku arubaini.

Jumuiya ya sasa ilizaliwa kwa mkataba wa 1999, na shirikisho la kisiasa bado limeandikwa humo kama lengo la mwisho.

Tumeileta historia hii kwa bi harusi zetu kwa sababu moja. Wale viongozi walipendana na nia ilikuwepo. Kilichokosekana ni kuyazungumza mapema yale magumu: tutakaa wapi, nani ana kauli katika lipi, chumo litagawiwa vipi. Wewe unayesubiri nikaha, yaulize hayo sasa, kwa adabu na bila ya haya, mbele ya walii wako. Mapambo yasubiri.